Uso wa Diwani kwenye Fulana Nyeusi

Othman alikuwa ameinama juu ya meza, mikono yote miwili imeshika ubao wa mpira, akivuta rangi nyeupe kutoka kifuani mwa fulana kushuka tumboni, pale mkewe Mwanafatuma alipomwambia kutoka mlango wa ua kwamba Diwani anakuja.

"Amefika wapi?"

"Amesimama kwa muuza kahawa, anasalimiana na watu. Ukiwahi utachapa mbili zaidi. Na wale wa kahawani wakiwa na shida za kumweleza, utamaliza fungu zima."

Othman hakuinua kichwa. Rangi ikishaanza kuvutwa haisimamishwi katikati, aje nani aende nani. Ukisimama, pale uliposimama panabaki mstari, na mstari huo haufutiki hadi fulana yenyewe ichakae. Alivuta mpaka chini, akaugonga ubao kidogo ukingoni mwa fremu, kisha akaiinua fremu polepole kwenye bawaba zake, wavu wa hariri ukabanduka kutoka kwenye nguo kwa sauti ndogo kama ya mtu anayebusu kichanga.

Juu ya fulana nyeusi vilibaki vitu vyeupe: kanzu, kofia, mnazi, samaki na ng'ombe. Vyote vilikuwa kama vimenyunyiziwa unga. Ilikuwa bado kazi isiyo na maana kwa mtu asiyeijua, lakini ndiyo iliyokuwa siri ya yote. Nguo nyeupe ni karimu. Ukiipa nyekundu inakurudishia nyekundu. Nguo nyeusi ina choyo. Ukiipa nyekundu inaimeza, ukiipa manjano inakurudishia tope. Kwa hiyo huitangulizia nyeupe kwanza, kama mkeka, halafu ndipo rangi nyingine zije kukaa. Nyeupe ikauke juani, ipitishiwe pasi ya makaa, kisha kila rangi ije na wavu wake, na kila wavu ukae palepale ulipokaa mwenzake, kwa kuongozwa na misumari miwili pembeni mwa meza. Ukikosea kwa unene wa uzi, dhahabu ya kofia inapanda sikioni.

Othman alijifunza kuchapa Mombasa, katika kibanda cha waandika mabango kule Makupa, lakini kule walichapa karatasi na bafta nyeupe tu. Nguo nyeusi alijifundisha mwenyewe, kwa kuharibu fulana zake, na zilipokwisha, akaharibu za shemeji zake. Hakuwa mnyenyekevu kuhusu jambo hilo. Alikuwa akimwambia yeyote aliyekubali kukaa kwamba kuanzia Likoni mpaka Vanga hakuna mwingine anayeweza kuiweka rangi ya manjano juu ya nguo nyeusi ikabaki manjano, na watu walikubali upesi ili waende zao.

Alichokosa ni chumba. Alichapia uani, chini ya paa la makuti, na paa la makuti humwaga vumbi hata pasipo upepo. Kuku walipita chini ya kamba za kuanikia. Fulana moja ya timu ya mpira iliwahi kwenda uwanjani ikiwa na unyoya umenata kwenye namba, na mchezaji aliyeivaa anaitwa Kuku hadi leo. Na mvua za vuli zikiamua kurefuka, kama zilivyoamua mwaka ule, kazi yote ililala.

Sasa pale Msambweni, kando ya barabara, palikuwa na ghala la pamba la zamani: kuta za mawe, paa la mabati, mlango mpana, na tupu tangu wakala wa pamba alipoondoka. Ufunguo ulikuwa kwa kamati ya sherehe, iliyoongozwa na Diwani, kwa kuwa mwaka ule wa kuingia Jamhuri kila kitu kisichokuwa na mwenyewe kilikuwa kwa kamati fulani. Waliolitaka ghala walikuwa wawili: Othman, na shemeji mmoja wa Diwani, aliyetaka kuweka vitunguu. Diwani alikuwa amemwambia Othman maneno haya, mbele ya mashahidi: "Nichapie fulana za vijana wangu kwa ajili ya Jamhuri. Nyeusi, maana nyeusi ina heshima. Picha yangu mbele, kwa rangi zote. Zikinipendeza, ghala ni lako."

Tangu siku ile Othman kila akilala alijiona yumo ndani ya ghala lile. Alikwishapanga meza itakaa wapi.

"Hodi humu!"

"Karibu, Bwana Diwani. Shikamoo."

"Marahaba, Othman. Marahaba."

Diwani Abdulkadir alikuwa mtu mrefu, mzuri wa sura, mwenye kanzu iliyonyooka na kofia iliyoshonwa kwa uzi wa dhahabu. Nyuma yake aliingia Randu, katibu wa kamati, amemshikia mwavuli ingawa walikuwa wameshafika kivulini. Mwanafatuma aliwapa viti, akarudi kwenye pasi yake kupulizia makaa.

Fulana moja ilikuwa imekwisha kabisa, rangi zote, na Othman alikuwa ameitundika peke yake kwenye kamba, mbali na nyingine, kama bibi harusi. Diwani aliisogelea. Aliagiza vionekane vyote anavyoviongoza, na vyote vilikuwapo: mnazi wa kijani kwa ajili ya Diani, samaki wa fedha kwa ajili ya Funzi, ng'ombe mwekundu kwa ajili ya Kinango. Na katikati, mwenyewe, kofia ya dhahabu na kanzu nyeupe. Aliitazama kwa muda. Randu alimtazama Diwani ili ajue atazame vipi.

"Othman."

"Naam, Bwana Diwani."

"Kofia nimeiona. Kanzu nimeiona. Huyu ng'ombe, mashaallah, mpaka kwato zake zina rangi. Uso wangu uko wapi?"

"Huo hapo. Unakutazama."

"Huu?" Diwani aliweka kidole katikati ya shavu lake la kwenye nguo, akalikwaruza kidogo kwa ukucha. "Hii ni fulana."

Na kweli ilikuwa fulana. Hapo ndipo Othman alipokuwa ameweka ufundi wake wote. Uso hakuupaka. Aliiacha nguo yenyewe iwe ngozi, akaweka mwanga tu pale unapoangukia: mstari mwembamba wa hudhurungi kwenye paji, tone kwenye ncha ya pua, upande mmoja wa shavu, weupe wa macho, meno mawili matatu ya tabasamu. Kilichobaki jicho la mtazamaji lilijaza lenyewe. Mwanafatuma, ambaye hasifu kitu, alikuwa ameiona asubuhi akasema, "Huyu ni yeye hasa. Bado kuomba kura tu."

Othman alieleza haya yote kwa utaratibu. Alieleza habari ya mwanga na habari ya kivuli. Diwani alisikiliza mpaka mwisho kama alivyozoea kusikiliza watu wenye malalamiko ya maji.

"Kwa hiyo hukunichapa."

"Nimekuchapa, Bwana Diwani, kwa kutokukuchapa."

Neno hilo, Othman alijua lilipokuwa bado mdomoni, halikuwa la kusaidia.

"Ng'ombe kapata rangi," alisema Diwani, akihesabu kwa vidole. "Samaki kapata. Mnazi, mti usiokwenda mkutanoni, kapata. Mimi mwenye shughuli nimeachwa na nguo ya dukani."

"Hata kifungo cha kanzu kimepata," alisema Randu.

"Hata kifungo! Othman, watu hawa wametuacha watupu miaka mingapi?" Sauti yake ilipanda, ikawa ile ya jukwaani. "Mkoloni alipochora ramani, kwake alipaka rangi, kwetu akaacha hivihivi! Na leo, katika nchi huru, mwananchi mwenzangu ananiacha hivihivi kifuani mwa vijana wangu?"

"Punguza sauti kidogo, Bwana Diwani," alisema Mwanafatuma kwa adabu, bila kugeuka. "Kuku wangu anaatamia."

Othman aliitazama fulana yake. Alijua kwamba hajawahi kuchapa kitu kizuri kama kile, na kwamba huenda asichape tena. Kisha akaliona ghala, kuta zake za mawe, mlango wake mpana, na ndani yake magunia ya vitunguu yamepangwa mpaka darini.

"Nitautia rangi," alisema.

"Umesema jambo la maana."

"Rangi gani, Bwana Diwani?"

Swali lilikuwa la fundi na halikuwa na hila. Diwani aliukunja mkono wa kanzu, akanyoosha mkono wake juu ya meza, na Othman akaanza kuchanganya: nyekundu kidogo, manjano kidogo, nyeusi kidogo, akawa anapaka kwenye kipande cha bati na kukisogeza karibu na ngozi.

"Unaonaje, Randu?" aliuliza Diwani.

"Nzuri, Bwana Diwani."

"Ipi? Hii au hii?"

Randu alikuwa mtu wa Kinango, mzazi wa watoto wengi, na kazi ya ukatibu aliipenda. Aliyatazama mabaka mawili ya rangi kama mtu anayeambiwa achague nyoka wa kumshika.

"Zote ni rangi za uongozi," alisema.

"Kamnunulie Othman kahawa," alisema Diwani. Randu alipotoka na mwavuli wake, Diwani alisogeza kiti, akainama, akazungumza kwa sauti ambayo vijana wake hawakuwahi kuisikia, sauti ya mtu anayemweleza daktari.

"Othman, ndugu yangu. Mimi ni mtu wa watu wengi. Upande wa mama wa baba yangu, sisi ni wa Vanga, na kule wanajua babu yetu aliteremka kutoka Hadhramaut, Uarabuni. Wakiona nimefanywa mweusi tititi watasema nimewakana. Sasa upande wa mama yangu, bibi yangu ni Jumwa, wa Kinango, Mduruma halisi. Kule niliomba kura kwa jina la Jumwa. Wakiona nimefanywa mweupe, nimekwisha. Na hapa Msambweni nyinyi mnanijua, mnaniona kila siku."

"Maji ya kunde."

"Basi. Hapa maji ya kunde. Vanga na Funzi, nitilie maziwa kidogo. Kinango, nikoleze."

"Nyuso tatu?"

"Uso ni mmoja, Othman. Rangi ndiyo tatu. Si wewe mwenyewe umeniambia kila rangi ina wavu wake?"

Pwani yetu kila mtu ana bibi zaidi ya mmoja, na hakuna ubaya kumtaja huyu hapa na yule pale. Wengi wetu tumefanya hivyo tukiposa. Othman hakuona kosa kubwa katika maneno yale. Aliona tu njia fupi.

"Basi fungu la Kinango nitaliacha lilivyo," alisema upesi. "Lile ni jeusi tayari."

"Hapana! Nalo lichapwe. Nisije nikasikia watu wa Kinango wamepewa uso mtupu na wenzao wa pwani wamepewa uso wenye rangi. Weka nyeusi."

"Nyeusi juu ya nyeusi haitaonekana, Bwana Diwani."

"Si umesema nguo nyeusi hutangulizwa nyeupe?"

Othman alikuwa na jibu la hilo. Ghala lilipita mbele ya macho yake. Akalivuta kopo la nyeusi.

Siku mbili zilizofuata alifanya kazi ambayo, alipoieleza baadaye, hakuweza kuieleza akiwa amemtazama mtu usoni. Alikata kiolezo kipya cha uso peke yake. Akapaka nyuso zote nyeupe. Zilipokauka, fungu la kwanza akalitia rangi ya embe lililoanza kuiva, la pili akalitia rangi ya maji ya kunde, na la tatu, la Kinango, akaifunika nyeupe yote kwa nyeusi.

Mwanafatuma alikuwa akipokea fulana moja moja na kuipiga pasi upande wa ndani. Alipofika kwenye za Kinango alisimama.

"Baba Mwanasha, nifahamishe. Fulana ilikuwa nyeusi."

"Ndiyo."

"Ukauondoa weusi kwa kuweka nyeupe."

"Ndiyo."

"Ukaiondoa nyeupe kwa kuweka nyeusi."

"Piga pasi, mke wangu."

"Napiga. Nataka tu nijue napiga pasi kitu gani."

Ule weusi mpya haukuwa na uhai wa nguo. Uling'aa kama kiatu cha askari, ukameza paji, ukameza pua, yakabaki macho na meno yakielea kwenye shimo la kisima. Rangi ilikuwa tabaka juu ya tabaka, na uso ulikuwa mgumu hata ungeweza kuubishia hodi. Mwanafatuma aliikunja fulana moja, na Diwani akavunjika puani.

Siku ya Alhamisi kamba zilikuwa zimejaa. Mwanafatuma alikuwa akianika za mwisho, na kwa kukosa nafasi akatundika tatu pamoja, moja ya kila fungu. Akarudi nyuma hatua chache, mikono kiunoni.

"Hawa watatu ni ndugu?"

"Ni Diwani."

"Wote?"

"Huyu wa Vanga, huyu wa hapa, huyu wa Kinango. Kila mmoja na watu wake."

"Na Jumamosi kila mmoja atakuwa kwao?"

"Jumamosi wote wanakwenda Kwale, malori yanawafuata. Wanapita mbele ya mgeni wa kutoka Nairobi, mstari mmoja..."

Upepo ulizitikisa zile fulana tatu, na Madiwani watatu wakaelekeana kama watu wanaoulizana jina.

Othman alikaa chini juu ya debe. Siku zote hizi alikuwa ameyaona mafungu matatu mahali patatu, kwa sababu Diwani ndivyo alivyoyasema, na Diwani mwenyewe aliyaona hivyo kwa sababu ndivyo alivyozoea kuishi: leo yuko huku na bibi huyu, kesho kule na bibi yule, na katikati kuna barabara ndefu ya vumbi. Sasa barabara hiyo ilikuwa imeondolewa, na wote wangekutana kilimani Kwale, bega kwa bega, kila mtu na Diwani wake kifuani.

"Watacheka," alisema.

"Mpaka mgeni atauliza kuna wagombea wangapi."

"Na Diwani atasema ni mimi niliyeharibu."

"Na atasema kweli," alisema Mwanafatuma, si kwa ukali. "Nani aliyekuwa ameushika ubao wa mpira?"

Akinyamaza, ghala limekwenda. Akisema, na Diwani akaona anaaibishwa, ghala limekwenda. Othman alifikiri kwa muda mrefu, kwa utaratibu, kama anavyofikiri kabla ya kukata kiolezo, na mwisho akaamua kutosema wala kutonyamaza. Ijumaa, baada ya sala, aliialika kamati ije kukagua kazi. Akaweka viti vinne vikielekea kamba. Kwenye kamba akatundika zile tatu.

Walikuja: Diwani, Randu, Mzee Mangi aliyekuwa ameshuka kutoka Kinango kuchukua fungu la watu wake, na Bimkubwa, kiongozi wa akina mama, aliyekuwa na miaka mingi na mdomo usiozeeka. Diwani alipoziona fulana tatu kwenye kamba moja alisimama, kisha akakaa, kisha akasimama tena.

"Huyu wa katikati namjua," alisema Bimkubwa akijipepea kwa ncha ya leso. "Ni mwanangu Abdulkadir. Huyu wa kulia kapatwa na nini? Kateketea?"

"Ni huyuhuyu," alisema Othman.

"Na huyu wa embe?"

"Ni huyuhuyu."

"Mwanangu! Mtu mmoja na misimu mitatu!"

Mzee Mangi hakucheka. Aliisogelea fulana ya Vanga, akaigusa shavu. "Abdulkadir, ulipokuja kwetu ulisema wewe ni mjukuu wa Jumwa. Mimi Jumwa nilimjua, alikuwa jirani yetu. Hakuwa embe."

"Mzee wangu, hiyo ni hitilafu ya uchapaji," alisema Diwani, na macho yake yakamtafuta Othman.

"Hitilafu iliyonyooka fungu zima?" alisema Bimkubwa.

"Basi ziwe zote kama hii ya Kinango," alisema Mzee Mangi. "Nyeusi ina heshima, si ndivyo ulivyotuambia?"

"Na watu wa Vanga?" aliuliza Diwani. Swali lilimtoka kabla hajalipima, na kwa mara ya kwanza siku ile alionekana mtu aliyechoka.

"Ziwe kama za hapa," alisema Bimkubwa. "Anafanana nazo. Au kufanana ni kosa?"

"Za hapa ni za hapa," alisema Mzee Mangi. "Sisi si wa hapa."

Wakaanza kubishana. Kila mmoja alikuwa na sababu nzuri, na kila sababu nzuri iliwaacha watu wa mahali fulani wakiwa wamekasirika. Diwani alikubaliana na kila aliyesema. Othman alisubiri. Mwisho Randu, ambaye siku zote hizi hakuwa amesema neno la kumletea madhara, alikohoa.

"Nina pendekezo. Fundi, kabla ya rangi yoyote, si huwa nyeupe kwanza?"

"Ndiyo."

"Basi leo fundi azifunike nyuso zote kwa nyeupe, ziwe sawa. Kazi isonge mbele. Suala la rangi kamati ilikalie kesho alfajiri, kabla ya malori."

Kila mtu alilipenda pendekezo hilo, kwa kuwa halikuamua lolote. Bimkubwa peke yake alisema, "Makubwa haya," lakini naye akanyoosha mkono apewe kahawa.

"Na ghala?" aliuliza Othman.

"Suala la ghala nalo," alisema Diwani, akishusha pumzi ya mtu aliyeokoka, "tutalikalia kesho. Weka nyeupe, Othman."

Basi Othman akaweka nyeupe. Alifunika embe, alifunika maji ya kunde, alifunika kisima cha Kinango. Mwanafatuma alipokea, alianika, alirudi. Kamati ilikaa ikinywa kahawa na kungojea kazi isonge mbele. Kamba za uani zikajaa, wakafunga kamba nyingine kutoka nguzo ya paa hadi mwembe wa jirani, kando ya barabara, na nayo ikajaa. Ilipofika alasiri palikuwa na Madiwani wengi wasiohesabika, kofia za dhahabu, kanzu zilizonyooka, ng'ombe wekundu miguuni, na nyuso nyeupe pe, bila pua wala mdomo, zikipepea kuelekea barabarani.

Wafanyakazi wa miwa waliokuwa wakirudi Ramisi walipunguza mwendo. Mmoja akashuka kwenye baiskeli.

"Huyu ni nani?"

"Diwani," alisema mwenzake. "Tazama kofia."

"Hee! Amekuwa hivi tangu lini?"

"Mwaka mmoja tu wa Uhuru," alisema Bimkubwa kutoka kitini, kwa sauti iliyofika barabarani bila taabu, "na tazama alivyogeuka."

Kicheko kilianza kwa yule wa baiskeli, kikapita kwa wale wa nyuma, kikashuka barabara kuelekea sokoni. Mzee Mangi, mtu asiyecheka, aliinama akajishughulisha na kamba ya kiatu, na mabega yake yalikuwa yakitikisika. Watu waliongezeka. Mtu alimwita mtu mwingine aje aone.

Diwani alikuwa amesimama katikati ya ua, amezungukwa na yeye mwenyewe pande zote. Alimshika Othman mkono.

"Tia rangi. Sasa hivi."

"Rangi gani, Bwana Diwani?"

"Yoyote! Ile ya kwanza! Rudisha ile ya kwanza, niache hivyo ulivyoniacha!"

Othman alimtazama. Hakuwa na hasira naye. Alikumbuka ile fulana iliyotundikwa peke yake kama bibi harusi, nayo sasa ilikuwa kwenye kamba pamoja na nyingine, imefunikwa, na hata yeye hakuweza tena kusema ni ipi.

"Ile haipo tena, Bwana Diwani. Ilikuwa ni nguo yenyewe. Ukishaifunika, imekwenda."

"Basi maji ya kunde! Kinango watanisamehe. Vanga watanisamehe. Tia!"

Othman alikwenda kwenye kamba ya karibu, akaweka kidole kwenye uso mmoja, akakiinua. Ncha ilikuwa nyeupe.

"Bado mbichi. Rangi haikai juu ya mbichi, itavurugika. Kesho."

"Kesho saa ngapi?"

"Alfajiri." Aliipangusa ncha ya kidole kwenye kitambaa, polepole, mpaka ikatakata. Maisha yake yote alikuwa akiambiwa kesho na watu wenye kamati, na hakuwahi kudhani kwamba neno lenyewe ni jepesi hivi mdomoni. "Kamati ikikaa ianze na la ghala. Ukija na ufunguo, Bwana Diwani, utakuta rangi imechanganywa."

Diwani alimtazama Randu. Randu alikuwa akiufungua mwavuli, na mwavuli ulikuwa mgumu kufunguka.

"Na nisipokuja nao?"

Mwanafatuma alijibu, akiyatoa makaa kwenye pasi. "Utakuja kuchukua fulana zako, Bwana Diwani. Nitakuwa nimekukunja vizuri."

Diwani aliondoka bila kuaga, kwa mlango wa nyuma. Watu wa barabarani hawakuondoka haraka. Jambo lile lilikuwa jipya na jioni haikuwa na lingine. Othman aliuchukua wavu wa uso, akaulaza kwenye karai, akaumwagia mafuta ya taa, akaanza kuusugua kwa kitambaa, upande huu na upande huu, mpaka tundu za hariri zikaonekana tena moja moja. Akayafunika makopo: nyekundu, manjano, nyeusi. Lile la maji ya kunde lilikuwa limebaki nusu, akalitikisa kidogo, akasikiliza, akaliweka mbele ya mengine.

"Itatosha?" aliuliza Mwanafatuma.

"Sijui. Tutaona asubuhi."